Kiichiro Toyoda: Alijiuzulu kwa madeni, akafa bila kuiona Corona

UKISIMAMA Mbinga mjini asubuhi ya msimu wa kahawa, ule wakati wa kuanzia Juni ambapo fedha huanza kuonekana mikononi mwa watu, hutakosa kuiona Toyota Corona. Pengine ni teksi bubu inayosubiri abiria wa Kigonsera. Pengine ni ya mwalimu aliyeinunua kwa mkopo, au ya mkulima wa Litembo aliyeona kuwa msimu ule umekuwa mzuri, akaenda Dar es Salaam na kurudi nayo. Nyuma imebeba viroba vya mbolea mpaka sampu inakaribia kugusa lami, na buti limefungwa kwa kamba ya katani.

Gari hilo halitengenezwi tena. Jina la Corona lilianza mwaka 1957 na likafutwa kiwandani mwaka 2001, baada ya matoleo 11. Wapo vijana wanaoendesha leo ambao walizaliwa baada ya kiwanda kuacha kulitoa.

Katika kurasa hizi tumezoea kuandika habari za bei, pembejeo na ushirika. Leo tunamtazama mtu ambaye bila yeye Corona isingekuwapo, ingawa hakuwahi kuiona hata moja. Huyu ni Kiichiro Toyoda, mwasisi wa kampuni ya Toyota. Wengi wanalijua jina la kampuni, ila wachache wanajua kuwa mwenyewe aliondoka ofisini mwaka 1950 akiwa ameshindwa, madeni yakiwa shingoni na wafanyakazi wakiwa wamegoma.

Mtoto wa seremala

Kiichiro alizaliwa Juni 11, 1894, katika kijiji kimoja cha mkoa wa Shizuoka, Japani, mahali ambapo leo ni mji wa Kosai. Familia ilikuwa ya watu wa kijijini. Babu yake alikuwa seremala aliyelima pia, na baba yake, Sakichi, alijifunza useremala huohuo. Jina la ukoo, Toyoda, likichambuliwa kwa maandishi ya Kijapani lina maana ya mashamba ya mpunga yenye rutuba. Mkulima wa mpunga wa Lundo, kule Nyasa, angelipenda.

Sakichi hakuwa seremala wa meza na viti. Kijijini kwao wanawake walifuma nguo kwa mashine za mkono, kazi ngumu yenye malipo madogo, naye akawa anashinda akifikiria namna ya kuirahisisha. Mwaka 1891 alipata hakimiliki ya mashine yake ya kwanza ya mbao. Watu wa kijijini walimwona kama amerukwa na akili, kwa sababu alitumia fedha na muda kwenye mbao zisizoliwa. Mama yake Kiichiro hakuyavumilia maisha hayo, akaondoka mtoto akiwa mchanga. Kiichiro alilelewa kwanza na babu na bibi, baadaye akaenda kuishi kwa baba yake na mama wa kambo.

Mtoto huyo alikua mpole, mwenye afya isiyo ya kuaminika sana. Alisoma uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Tokyo akahitimu mwaka 1920, kisha akaingia katika kampuni ya baba yake ya kusokota nyuzi na kufuma. Baba aliijua mashine kwa kushika mbao kwa mikono yake. Mtoto aliijua kwa michoro na mahesabu, na wawili hao walipokaa pamoja ndipo kazi ikaonekana.

Mwaka 1924 walikamilisha mashine ya kufumia iliyojiendesha, maarufu kama Aina ya G. Ilikuwa na mambo mawili makubwa. Kwanza, uzi wa mshindio ulipokwisha, mashine ilijibadilishia yenyewe kibeba uzi bila kusimama. Pili, uzi wa mtande ulipokatika, ilisimama yenyewe. Hili la pili linaweza kuonekana dogo, lakini mashine isiyojua kusimama huendelea kufuma kitambaa kibovu mpaka mtu aje aione. Kwa mashine ile mfanyakazi mmoja aliweza kuangalia nyingi kwa wakati mmoja. Fikiria mashine ya kukoboa kahawa ambayo ingesimama yenyewe kila jiwe linapoingia kwenye meno yake.

Hapa tukumbuke jambo moja linalotugusa. Katika miaka ya 1930 vitambaa vya pamba kutoka Japani vilijaa katika maduka ya Tanganyika, Kenya na Uganda, vikauzwa kwa bei ya chini kuliko vya Lancashire, Uingereza. Waingereza walilalamika sana, lakini mikataba ya bonde la Kongo ilizuia kutoza bidhaa za taifa moja ushuru mkubwa kuliko za taifa jingine. Kwa hiyo Mjapani alifika Afrika Mashariki kwa kitambaa miongo mingi kabla ya kufika kwa gari.

Kampuni ya mashine za kufumia ya Toyoda ilianzishwa mwaka 1926. Desemba 1929 Kiichiro alikuwa Uingereza, akiiuzia kampuni kubwa ya Platt Brothers haki ya kutengeneza mashine ya Aina ya G kwa pauni 100,000. Platt ndio waliokuwa walimu wa dunia katika mashine za nguo. Sasa walimu walikuwa wananunua kwa mwanafunzi.

Inasimuliwa mara nyingi kuwa fedha hizo ndizo zilizoanzisha Toyota. Habari hiyo ni tamu, ila nadhani imetiwa chumvi. Mtikisiko wa uchumi wa dunia ulifanya mkataba ujadiliwe upya na kiasi kikapunguzwa, na kwa vyovyote gari lilikuja kumeza fedha nyingi kuliko hizo. Mzigo mkubwa ulibebwa na kampuni ya mashine za kufumia, pamoja na wanahisa wake walionung'unika.

Chevrolet iliyofunguliwa bolti kwa bolti

Sakichi alifariki Oktoba 1930. Wakati huo Kiichiro alikuwa ameanza kuchezea injini ndogo kwenye kona ya kiwanda. Barabara za Japani zilijaa magari ya Kimarekani. Baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1923 kubomoa Tokyo na reli zake, jiji lilinunua malori ya Ford na kuyafanya mabasi. Ford wenyewe wakaja kufungua karakana ya kuunganisha magari Yokohama mwaka 1925, na General Motors wakafungua yao Osaka mwaka 1927. Wajapani waliojaribu kutengeneza gari lao walikuwa wanashindwa mmoja baada ya mwingine.

Shemeji yake, Risaburo, aliyekuwa mkuu wa kampuni, hakulipenda wazo hilo. Na ukilitazama kwa jicho la mfanyabiashara, alikuwa na hoja. Mashine za nguo zilikuwa zinaleta faida, sasa kwa nini uchukue faida ya shamba linalozaa ukaitupe kwenye shamba ambalo hujui hata udongo wake? Lakini Kiichiro alisisitiza, na Septemba 1933 idara ya magari ikaanzishwa ndani ya kampuni ya mashine za kufumia.

Walinunua Chevrolet, wakaifungua yote, wakachora kila kipande. Kuchora ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuyeyusha chuma na kumimina kitalu cha injini chenye matundu ya silinda na njia za maji, ambacho hakivuji wala kupasuka. Kiwanda kilijua kumimina chuma cha mashine za nguo, kwa hiyo walidhani ni jambo lilelile. Vitalu vilitoka vimejaa matobo, vikavunjwa na kuyeyushwa tena, mwezi baada ya mwezi. Injini ya kwanza, Aina ya A, yenye silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 3,389, ilikamilika mwaka 1934.

Gari la kwanza la majaribio, A1, lilitoka Mei 1935. Lakini serikali na jeshi walitaka malori, hivyo lori la G1 likatengenezwa haraka na kuonyeshwa Tokyo Novemba mwaka huohuo. Lilikuwa bovu. Nyumba ya ekseli ya nyuma ilivunjika njiani, vyuma vilipinda, na wateja wakalazimika kuvutwa. Kampuni iliuza malori hayo kwa bei ya chini kuliko ya Wamarekani, tena kwa hasara, na kila lilipoharibika mafundi walitumwa kulifuata liliko, wakalitengeneza na kuandika sababu iliyoliharibu. Maandishi hayo yalirudi kwa Kiichiro, naye akabadilisha kipuri. Wauzaji wengi wa bidhaa mpya hukimbia mteja anapolalamika. Huyu alimfuata, kwa sababu malalamiko ndiyo yaliyokuwa maabara yake.

Gari dogo la abiria la AA lilitoka mwaka 1936. Ni mwaka uleule ambao wakulima wa tumbaku wa Ungoni na wa kahawa wa Umatengo walikuwa wanaingia katika ushirika wao wa NGOMAT. Mwaka huo pia kampuni iliendesha shindano la nembo, zikaja kazi takriban 27,000. Iliyoshinda iliandika Toyota badala ya Toyoda. Kwa maandishi ya Kijapani Toyota huandikwa kwa michoro minane ya kalamu, na nane kwao ni namba ya neema. Pia jina jipya liliitenga kampuni na ukoo. Agosti 28, 1937, kampuni ya magari ya Toyota ikasajiliwa rasmi, Risaburo akiwa rais na Kiichiro makamu wake.

Hatuna budi kusema ukweli kuhusu kipindi hicho. Sheria ya mwaka 1936 iliwabana Ford na General Motors mpaka wakaondoka Japani, na vita ya China ikaleta oda za malori ya jeshi. Kiichiro alitaka kutengeneza gari la familia, lakini kampuni yake ilinyanyuliwa na bunduki. Magari ya AA yaliyotengenezwa mpaka mwaka 1943 hayakufika 1,500. Yaliyobaki yalikuwa malori.

Mji uliokimbiwa na hariri

Kiwanda kikubwa kilijengwa Koromo, kikafunguliwa Novemba 1938. Koromo ulikuwa mji wa wafugaji wa viwavi vya hariri. Bei ya hariri ilipoanguka, mji ukafa njaa, na viongozi wake wakaenda wenyewe kumwomba Kiichiro aje achukue ardhi isiyolimika iliyokuwa nje ya mji. Mbinga wanaijua hali hiyo. Soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katika miaka ya 1990 na chama kikuu cha MBICU kikaanguka, mkulima alijikuta hana pa kukopa mbolea wala dawa ya chulebuni, na bei ilipoporomoka mwishoni mwa miaka hiyo wapo waliobaki wakitazama mibuni yao wasijue la kufanya.

Kiwandani Koromo ndiko Kiichiro alikoleta wazo lililomfanya awe maarufu kwa wasomi wa biashara, yaani kila kipuri kifike mahali pa kufungwa kwa wakati wake, kwa idadi inayotakiwa, bila kurundikwa ghalani. Kwake halikuwa somo la chuoni. Alikuwa na fedha kidogo, na kila kipuri kilicholala ghalani kilikuwa fedha iliyolala. Vita ilivuruga mpango huo, na ilibidi usubiri miaka mingi mpaka mhandisi Taiichi Ohno alipoufufua na kuuoanisha na ile tabia ya mashine ya Sakichi ya kusimama yenyewe kosa linapotokea. Leo hufundishwa vyuo vikuu duniani kote.

Kiichiro alikuwa rais wa kampuni mwaka 1941. Agosti 14, 1945, siku moja kabla Japani haijatangaza kusalimu amri, mabomu ya Wamarekani yalibomoa karibu robo ya kiwanda cha Koromo.

Baada ya vita hapakuwa na uhakika kama ushindi wa Wamarekani ungeiruhusu Japani kutengeneza magari. Kiichiro alikuwa na maelfu ya watu wa kulisha. Akawatawanya ndugu na wasaidizi wake kutafuta biashara nyingine yoyote. Wengine walitazama vyombo vya udongo. Mwanawe, Shoichiro, alipelekwa Wakkanai, mji wa pwani ya baridi kaskazini kabisa, kutengeneza chikuwa, chakula cha samaki waliosagwa, wakasokotwa kwenye kijiti na kuokwa. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa rais wa kampuni nzima ya Toyota. Kwa hiyo wanaosaga au kukausha usipa pale Liuli na Mbamba Bay wasijione wako mbali sana na viwanda vikubwa.

Mwaka 1947 Kiichiro alitoa gari dogo lililoitwa SA. Lilikuwa na injini mpya, Aina ya S, ya silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 995. Kwa umbo na kwa uchumi wa mafuta ndilo lililokuwa gari la moyo wake, lakini wananchi wa Japani hawakuwa na fedha ya mchele, sembuse ya gari. Yalitengenezwa mia mbili na ushee tu. Naomba msomaji aikumbuke hiyo injini ya S, tutairudia.

Siku ishirini

Sasa tunafika mwaka 1950, na hapa ndipo penye moyo wa habari hii.

Mwaka 1949 Wamarekani waliokuwa wakiitawala Japani waliamua kukomesha mfumuko wa bei kwa kukaza fedha. Mikopo ikakatika ghafla. Toyota ilikuwa inauza malori kwa kulipwa kidogo kidogo, na wateja wakaacha kulipa. Malori yalijaa uwanjani huku kampuni ikidaiwa chuma, matairi na mishahara. Mkulima yeyote aliyewahi kupeleka kahawa kwa malipo ya awali kisha akasubiri malipo ya pili yasiyokuja anaielewa hesabu hii bila kuelezwa. Tofauti ni kwamba Kiichiro alikuwa upande wa pili pia, anadai huku akidaiwa.

Alikuwa amewaahidi wafanyakazi kuwa hatapunguza mtu. Aliona mashirika mengine yakifukuza watu, naye akashikilia kuwa Toyota haitafanya hivyo. Kwanza mishahara ilikatwa asilimia kumi, wafanyakazi wakakubali kwa sharti la ajira zao kulindwa. Benki, zikiongozwa na tawi la Nagoya la Benki ya Japani, zikakubali kuiokoa kampuni, ila kwa masharti. Idara ya mauzo itengwe iwe kampuni yake, na hilo likafanyika Aprili 1950. Magari yatengenezwe yale tu yanayouzika. Na watu wapunguzwe.

Kampuni ikatangaza kuwa inataka watu 1,600 waondoke kwa hiari. Chama cha wafanyakazi kikagoma. Kwa wiki kadhaa kiwanda kilikuwa kinafanya kazi nusu nusu, mikutano ikifanyika uwanjani, na Kiichiro akiwa mgonjwa wa shinikizo la damu, mara nyingi hayupo. Watu aliokuwa akikaa nao chini ya malori ya G1 sasa walikuwa wanapaza sauti dhidi yake.

Juni 5, 1950, alijiuzulu. Wasaidizi wake wakuu wakajiuzulu pamoja naye. Aliona kuwa mtu aliyeahidi kutomfukuza mtu hawezi kufukuza watu na yeye abaki kitini. Mgomo ukaisha siku chache baadaye, na wafanyakazi zaidi ya 2,000 wakaondoka.

Juni 25, siku ishirini tu baada ya barua yake, vita ya Korea ililipuka. Jeshi la Marekani lilihitaji malori, tena haraka, na lililokuwa karibu ni la Toyota. Mwezi uliofuata likaagiza malori 1,000, na kufikia mapema mwaka 1951 oda zilikuwa zimepita 4,600. Yale malori yaliyokuwa yamekwama uwanjani yakawa dhahabu. Kiongozi mpya, Taizo Ishida, mtu wa kampuni ya mashine za kufumia, alikuta neema mlangoni.

Nimewahi kusikia watu wakisema Kiichiro hakuwa na bahati. Mimi naona lingekuwa jambo la ajabu kuiita vita ya watu wengine bahati. Ila ni kweli kuwa kama benki zingesubiri mwezi mmoja, historia yake ingeandikwa vingine.

Ishida mwenyewe aliamini kuwa kiti kile si chake. Mapema mwaka 1952 alimwomba Kiichiro arudi, naye baada ya kusita akakubali. Mpango ulikuwa arudishwe rasmi kwenye mkutano wa wanahisa wa katikati ya mwaka. Machi 27, 1952, mshipa wa damu ulipasuka kichwani, akafariki akiwa na umri wa miaka 57. Shemeji yake Risaburo, yule aliyepinga magari, alimfuata Juni mwaka huohuo.

Corona yenyewe

Miaka mitano baada ya mazishi yake, Julai 1957, Toyota ilitoa gari dogo la kuwa mdogo wake Crown. Likaitwa Corona. Lilitengenezwa kwa haraka ili kushindana katika soko la teksi, likaazima vipande vya magari mengine ya kampuni. Na injini? Ilikuwa ileile Aina ya S ya sentimita za ujazo 995, iliyozaliwa kwa ajili ya SA mwaka 1947, Kiichiro akiwa kiongozi. Wateja hawakuipenda sana Corona hiyo. Toleo la pili la mwaka 1960 lilipendeza kwa macho, lakini madereva wa teksi walililalamikia kuwa halivumilii barabara mbovu. La tatu, la mwaka 1964, ndilo lililotia fora. Kampuni iliyaendesha magari ya aina hiyo kilomita 100,000 kwenye barabara mpya ya mwendo kasi mbele ya macho ya watu, na baada ya hapo likampita mpinzani wake, Bluebird ya Nissan.

Corona nyingi tunazoziona Ruvuma ni za mwisho: zile za mwaka 1992 hadi 1996, na Corona Premio za mwaka 1996 hadi 2001. Zilifika kwetu kwa sababu za kawaida kabisa. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia. Ukaguzi wa magari kule ni wa lazima, wa kwanza baada ya miaka mitatu na unaofuata kila miaka miwili, na ni ghali, hivyo Mjapani huona afadhali kuuza gari likiwa bado zima. Linapandishwa melini, linashushwa Dar es Salaam, na baada ya ushuru linaanza maisha ya pili.

Kwa anayetaka kununua, injini za 4A yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,587 na 7A yenye 1,762 ndizo rafiki wa fundi wa kijijini. Zina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa takriban kila kilomita 100,000. Wengi hupuuza, na bahati yao ni kwamba katika injini hizi mkanda ukikatika gari huzimika tu, kwa kawaida vali hazigongani na pistoni. Tahadhari iko kwenye Premio zenye maandishi ya D-4. Hizo ni za ujazo wa lita mbili na hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya msukumo mkubwa. Japani, penye mafuta safi, zilisifiwa. Huku kwetu, penye petroli ya kwenye madumu, pampu huchoka, masizi hujaa kwenye njia za hewa, na fundi asiye na vifaa hubaki akikuna kichwa. Mtu akikuuzia D-4 kwa bei ya kutupa, jiulize kwanza kwa nini anatupa.

Kasoro nyingine ni kimo. Gari hili lilichorwa kwa ajili ya lami. Zamani, kabla lami ya kutoka Peramiho haijafika Mbinga mwaka 2013, na kabla ile ya Mbinga hadi Mbamba Bay haijakamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020, kuteremka na Corona kwenda ziwani ilikuwa kuomba dua. Bushi, shokapu na stablaiza linki viliisha kwa msimu mmoja, na madereva walizoea kuweka spring ndefu ili kulinyanyua. Siku hizi mtu hunywa chai Mbinga na kula samaki Mbamba Bay mchana. Ila ukiacha lami na kupanda kuelekea kwenye mashamba ya ngoro, mambo ni yaleyale ya zamani.

Wajapani nao wamefika huku kwa njia nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walishirikiana na wenzao wa Sokoine katika miaka ya 1990 kuchunguza ngoro za Wamatengo, yale mashimo yanayozuia udongo usiteremke mlima. Baadaye, kati ya mwaka 1999 na 2004, mradi wa SUA uliosaidiwa na shirika la JICA ulishirikiana na wanakijiji wa Kindimba, na pakajengwa mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji. Na kahawa ya Mbinga hupelekwa kwao pia. Huko Arabika ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata ikiwa imechumwa Litembo, jambo ambalo Wamatengo wana haki ya kulinung'unikia.

Mji wa Koromo ulibadilishwa jina mwaka 1959 ukaitwa Toyota. Corona iliposimama mwaka 2001, jina la Premio liliendelea peke yake, na ndugu yake Carina akawa Allion. Premio na Allion nazo zilisimamishwa Machi 2021. Spea za Corona bado zinapatikana, kwa kuwa Corona na Carina za miaka ileile zinachangia vipuri vingi vya injini na vya chini. Kwa hiyo ukikosa bushi ya Corona katika maduka ya Mbinga, mwambie muuza duka akutafutie ya Carina. Kabla ya kulipa, zilinganishe na ile ya zamani mkononi, maana kuna za bandia nyingi.